Mate ya Mama Juu ya Jiwe

Enzi zetu saa ilikuwa mate. Wenzangu mliokula chumvi nyingi mnacheka kwa sababu mnajua. Nyie vijana kunjeni pua, si kosa lenu. Mama akitaka kukutuma hakutafuta saa ya ukutani. Anatoka mlangoni, anatema mate juu ya jiwe, tyu! Halafu anasema, "Nenda. Urudi kabla haya hayajakauka." Basi, umeshaondoka. Hata kitu unachotumwa unakisikia nyuma ya mgongo: "Chumviii! Na mafuta ya taaa!"

Haya yamenirudia mwezi huu kwa sababu ya Shamim, mjukuu wangu ninayekaa naye hapa Mpumudde, Jinja. Muhula uliopita alishinda nyumbani, karo ilikosekana. Halafu tukasikia shule moja ya Mbale inachukua watoto wanaojua kukimbia, inawasomesha bure, na walimu wake watakuja Jinja Jumamosi kuwachagua kwa mbio. Shamim anakimbia, lakini amenirithi mimi. Mfupi. Akikaa kwenye kiti miguu inaning'inia. Na kochi wake, anayemfundisha mbio, Mungu amlinde, ni mrefu kama mlingoti wa stima. Kila jioni namsikia huko uwanjani: "Wewe Samim! Nakimbia kama bata! Kira siku kama bata! Piga hatua mukubwa! Mukubwaaa!" Mtoto anapiga hatua mukubwa, anarudi anachechemea, anatia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi na kuinamisha kichwa nisimwone macho. Mkononi saa ya kuazima, inampigia filimbi kumwambia amechelewa. Kwani hakujua?

Nikamwambia, "Shamim, hizo hatua si zako, ni za kochi." Nikamweleza habari ya mate ya mama. Akacheka. "Aaa, Jaja! Mate? Hiyo ni bakteria!"

Bakteria. Haya. Sikilizeni basi hiyo bakteria.

Kwetu ni Nakaloke, juu kidogo ya Mbale. Baba alikuwa dereva wa lori, Mwislamu wa upande wa Kenya, na mama Mugisu wa hapo hapo, ndiyo maana nyumba yetu ilisema Kiswahili wakati majirani walikiogopa, wakisema ni lugha ya askari. Shule sikuingia. Baba alisema atanipeleka mwaka ujao, na mwaka ujao ukawa nao una mwaka ujao wake. Mimi darasa langu lilikuwa barabara, kati ya jiwe la mama na duka la Muhindi.

Dada yangu Mwanaidi alikuwa na miguu ya kalooli, yule ndege mkubwa wa jalalani. Akinyanyua mguu mmoja hapa, anautua kwa jirani. Mimi walikuwa wananiita Kinu, kwa sababu nilikuwa mfupi na mzito chini. Kwenye kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, sikujali, pale nilikuwa malkia. Wenzangu wanauviringisha ule mpira wa majani ya ndizi, wananirushia kwa hasira, unapita juu ya kichwa changu unampiga aliye nyuma. Lakini mchezo ukiisha na mama akaita, macho yangu yanakimbilia jiwe. Jiwe lile lilikaa pembeni ya mlango, pale pale jua linapopiga. Nikipita kwenye mahindi naangalia juu: wingu liko wapi? Nikiliona moja dogo namwambia Mungu, lisogeze, lisogeze kidogo tu upande wa kwetu.

Muhindi mwenyewe alishanijua. Nikiingia tu dukani nahema, anaacha wateja wakubwa, anaguna, anapima chumvi: "Toto ya mate! Mama natema tena? Haya haya, chukua, kimbia, nakauka hiyo!" Na wateja wanacheka. Mimi sicheki. Ukirudi jiwe limekauka, kulikuwa na fimbo ya mpera juu ya paa.

Nikajaribu kukimbia kama Mwanaidi. Alinifundisha mwenyewe, anaongea kwa pua kama mwalimu: "Tanua miguu, we Kinu! Kanyaga mbele, mbele huko!" Nikakanyaga mbele huko. Kisigino kinagonga chini, goti linapiga kelele, kichomi kinaingia mbavuni kama mwiba. Kufika kwenye kalvati nimekaa chini. Na chupa ya mafuta ya taa, iliyozibwa na jani la ndizi lililosokotwa, inaruka ruka mkononi, mafuta yote kwenye gauni. Siku hiyo nilichapwa kwa ajili ya mafuta, na mpaka Ijumaa nilinuka kama taa.

Mafuta hayo ndiyo yaliyonifundisha. Niliyaogopa kuliko kuchelewa. Safari nyingine nikaishika chupa kifuani, nikasema leo yasimwagike, na ili yasimwagike ilibidi miguu yangu ikae chini yangu mwenyewe, isiende kutafuta mbali. Hatua fupi, haraka haraka, nyepesi kama unakanyaga jivu la moto. Pa-pa-pa-pa-pa. Na mdomoni, kwa vile moyo ulikuwa kwenye jiwe, nikawa nasema ma-te-ya-ma-ma, ma-te-ya-ma-ma, kila mguu na kipande chake. Neno hilo ni zuri kwa kukimbia, nawaambia. Likianza na mguu wa kushoto, ukirudia linaanza na wa kulia, hakuna mguu unaoonewa. Na ukiona huwezi kulisema mpaka mwisho, ujue umezidisha, punguza. Nikafika nyumbani mafuta yote yamo, pumzi ninayo, kichomi hakuna. Jiwe, ooh! Jiwe, wenzangu, linang'aa!

Toka siku hiyo sikuchapwa tena. Mwanaidi na miguu yake yote ya kalooli aliendelea kuchapwa, akisimama njiani kupiga porojo. Analia, anamnyooshea kidole mama: "Kwa nini ya huyu hayakaukagi? Kwa niniii?" Mama anamjibu, "Uliza miguu yako." Na mimi kifua mbele. Kinu mimi!

Sasa kuna siku moja. Mwanaidi alikuwa amepelekwa Busiu kwa shangazi kuvuna mahindi, baba yuko safari. Mdogo wetu Hamisi, bado wa mgongoni, akashikwa na degedege. Macho yanapanda juu, mwili unakakamaa. Mama hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mama yangu alipiga kelele hata kuku akiingia jikoni. Alitoka naye mikononi, akatema mate juu ya jiwe, akasema neno moja tu: "Dresa."

Dresa, yule tabibu mwenye sindano, alikaa mbali, karibu na kuingia Mbale. Jua la kiangazi, barabara inatetemeka mbele ya macho. Mimi nikasahau kila kitu ninachojua, nikatanua miguu kama Mwanaidi. Sikufika mbali. Kichomi kikanikunja, nikataka kusema ma-te-ya-ma-ma, ikatoka "ma... ma..." tu, kama ndama. Nikasimama katikati ya barabara, nikalia. Halafu nikaona nikiendelea kulia mate yanakauka. Kwa akili yangu ya kitoto, mate yakikauka, Hamisi amekufa. Ilikuwa hivyo tu kichwani.

Nikaanza upya. Fupi. Nyepesi. Chini yangu mwenyewe. Afande mmoja kwenye njia panda akanipigia kelele, "Wewe toto! Nani nafukuza wewe?" Sikumjibu. Ningemjibu ningepoteza hatua. "Toto! Mimi nauliza!" Ma-te-ya-ma-ma. Nilimkuta dresa anakula malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga. Alinitazama usoni, hakuniuliza la pili, akafuta mikono kwenye suruali, akarukia baiskeli na mkoba wake, akaniacha hapo hapo. Ningeweza kupumzika. Daktari ameshakwenda, kazi yangu imeisha. Lakini jiwe je? Nikageuka, nikakimbia tena njia yote, jua utosini, na kila nikipita kwenye kivuli nilikionea wivu, kwa nini kiko hapa na si kwetu.

Nilipofika sikuingia ndani. Niliangalia jiwe kwanza. Mate yapo. Mabichi kabisa. Ndipo nikamsikia Hamisi ndani analia, ile sauti yake mbaya ya kuudhi, na nikakaa chini kando ya jiwe.

Miaka mingi nilijisifu kwa siku hiyo. Niliolewa najisifu, nikazaa najisifu. Mpaka mama alipozeeka, nimekwenda kumtembelea Nakaloke, tunachambua maharage, nikamwambia, "Mama, unakumbuka nilivyolishinda jua?" Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Jua lile lililokuwa linakausha nguo kabla hujamaliza kuanika? Nilikuwa natoka natema, narudi kwa mtoto. Natoka tena, natema. Mwisho mdomo ukakauka, nikanywa maji nipate ya kutema. Nilisema jiwe hili likikauka, nimepoteza watoto wawili, mmoja ndani, mmoja barabarani."

Nikamuuliza, "Na siku za chumvi? Za mafuta ya taa?"

"Zote. Mungu alikupa miguu mifupi. Nikuchape kwa kazi ya Mungu?"

Mwanaidi nilipomwambia, hakuniongelesha mpaka Idi.

Basi Jumamosi ikafika. Shamim akavaa viatu vyake vyenye povu chini kama godoro, akajipiga picha. Watoto wa siku hizi wanajipiga picha kabla ya kutoa jasho! Nikamuuliza, "Utakimbia ya nani leo, ya kochi au yako?" Akasema, "Jaja, usianze." Akaenda. Magoti yangu hayafiki uwanjani. Alipokata kona nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, majirani hawapo. Tyu! Juu ya jiwe la mlangoni.

Wenzangu, kukimbia ni rahisi. Kazi ni kukaa unangoja. Akikosa, ni muhula mwingine nyumbani, halafu nini? Watoto wa rika lake wanaokaa hapa mtaani tunawaona wanaishia wapi. Boda ikipita nainuka. Naona jiwe linafifia pembeni, natema. Linafifia, natema. Jirani akachungulia, "Jaja, tumbo linauma?" Nikamwambia nimemeza nzi. Ikafika saa ambayo nami niliingia ndani kunywa maji, na kikombe kikiwa mdomoni nikamkumbuka mama, nikarudi kwenye jiwe.

Halafu nikasikia barabarani. Pa-pa-pa-pa-pa. Sikuhitaji kuona.

"Jaja! Wamenichukua! Kwenye kona ya kwanza nilikuwa wa mwisho, Jaja, wa mwisho kabisa, na kochi anapiga kelele 'Mukubwa! Mukubwaaa!' Nikatupa saa kwenye nyasi. Nikakimbia ile ya bakteria." Anaruka ruka, anacheka, analia. Halafu akaangalia chini. "Nani amemwaga maji hapa?"

"Umande."

"Saa saba mchana, Jaja?"

"Nenda kaoge, unanuka."

Enzi zetu aliyekutuma alikungoja, macho kwenye jiwe, hata kama hukujua. Siku hizi wana saa. Nasikia inasikiliza mpaka moyo wa mtu anayekimbia. Wa anayemngoja haiusikii. Na kutoka hapa mpaka Mbale ni mbali kuliko duka la Muhindi, na muhula ni mrefu, na mate ya kizee ni machache.

Jumatatu anaondoka. Jiwe nimeshalihamishia kivulini.