Kaseti ya Tarishi

Jumamosi hiyo Bi Vibonye aliamka kama mwanafunzi siku ya mtihani, na mtihani wenyewe ulikuwa kaseti.

Jina hilo alibandikwa na majirani. Alikuwa mpiga chapa mstaafu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi. Chumba chake cha pili, ambacho mwingine angeweka kitanda cha wageni, kilijaa kompyuta za zamani: zile ndogo za nyumbani zilizochomekwa kwenye televisheni, zenye vibonye vya mpira, au vya plastiki iliyogeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Mashine za michezo zilikuwemo pia, na televisheni tatu za chogo. Aliviokota kwenye ofisi zilizokuwa zinatupa, kwenye nyumba za marehemu, kwa mafundi waliochoka kuviruka. Ukimwuliza vya nini, alikujibu, "Wewe unaweka picha za harusi, mimi naweka hizi."

Ila kaseti moja hakuichanganya na nyingine. Ilikaa kwenye droo ya nguo, ndani ya soksi, na kwa miaka kumi na mmoja hakuthubutu kuicheza.

Ndani yake mlikuwa na mchezo alioutunga mdogo wake wa kiume alipokuwa na miaka kumi na tisa. Enzi hizo mchezo wa kompyuta ulirekodiwa kwenye kaseti kama mlio, na kompyuta iliusoma kwa kuusikiliza. Mjomba wao alirudi safarini na kompyuta, akaiacha pale nyumbani, na kijana akakosa usingizi. Aliandika maagizo ya mchezo kwenye daftari kwa penseli, lakini kuchapa kulimshinda. Kidole chake kilitafuta herufi kama kuku anayetafuta punje. Basi dada akirudi kazini, kijana husoma, dada huchapa. Mchezo waliuita Tarishi. Herufi T ilikimbia na faili kwenye korido za ofisi, ikiwakwepa mabosi, ambao walikuwa herufi B. Bosi akimkamata, maneno yalitokea: "Rudi kesho." Ofisi ilikuwa ile ile aliyofanyia kazi dada, na mabosi wale wale, na walicheka hadi mama yao akawagongea ukuta.

Sasa mdogo wake alikuwa na miaka sitini, na ugonjwa wa kusahau ulikuwa ukimla kidogo kidogo. Binti yake alipiga simu mwanzoni mwa wiki.

"Shangazi, namleta Jumamosi. Daktari anasema vitu vya zamani huenda vikamchangamsha. Ule mchezo wenu bado unao?"

"Ninao," alijibu haraka, kisha akajuta. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kuwa nao ni jambo moja, kufunguka ni jingine. Fundi redio alikwisha kumwambia waziwazi: "Mama, ukiicheza inaweza kukatika. Usipoicheza inakufa yenyewe humo kwenye soksi. Chagua." Alimnunia fundi mwezi mzima, kwa sababu alisema kweli. Wala nakala hakuwa nayo, maana huwezi kunakili bila kucheza.

Wiki nzima alikula amesimama. Alisafisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti. Alijaribu kompyuta kwa kaseti nyingine, zikakubali. Siku ya Alhamisi akanusa harufu ya kuungua kwenye kifaa cha kuipa kompyuta umeme, akakichomoa, akatafuta kingine.

Walifika saa nne asubuhi. Mdogo wake alikuwa amefunga vifungo vya shati kombo. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Mama! Amemsalimia kama mtu baki. "Marahaba," alisema Bi Vibonye.

Alimkalisha, akatumbukiza kaseti, akabonyeza. Mlio ukajaa chumba, ule wa kukwaruza kama nzige elfu kwenye bati. Binti akaziba masikio. Mistari ikacheza pembeni mwa kioo, halafu likatokea neno la kosa, basi.

Alirudisha nyuma, akaanza tena. Safari hii mlio ulilegea, ukaanza kuguna. Akazima upesi, akafungua kifuniko: utepe ulikuwa umejizungusha kwenye rola. Aliuchomoa kwa ncha ya penseli, jasho likimdondokea. Ulikuwa umekunjamana, haukukatika.

"Shangazi, basi, tuache," binti alisema kwa upole.

Naye alikuwa ameshakubali. Mkono wake ulikuwa njiani kuitoa kaseti, ndipo mdogo wake aliyekuwa akiutazama ukuta aliposema, "Sauti kubwa mno. Inapasuka."

"Unasemaje?"

"Ipunguze."

Akainuka mwenyewe, akaweka dole gumba kwenye kibonye cha sauti cha redio, shingo imepinda kama mtu anayesikiliza mlangoni. "Sasa cheza. Usiguse meza."

Mlio ulikwenda dakika tano. Kisha kioo kikaandika TARISHI.

Binti alipiga kelele. Bi Vibonye akageuka kumtazama mdogo wake, akamkuta ameshakwenda dirishani.

"Njoo uone. Ni mchezo wako huu."

Aliutazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani. "Mzuri," akasema. "Aliyeutengeneza bado yupo?"

"Yupo," dada alijibu.

Binti alicheza mara mbili, akakamatwa mara mbili, akacheka huku akifuta macho. Shangazi hakucheka. Alikuwa anawaza umeme ukikatika sasa hivi. Akamwondoa binti kwenye kiti, akatia kaseti mpya, akahifadhi nakala, kisha ya pili, kisha ya tatu.

Tangu hapo mdogo wake huletwa kila Jumamosi. Mchezo wenyewe haumgusi, lakini mlio unamgusa. Kwa hiyo Bi Vibonye huiacha sauti juu makusudi, anakaa kando, anangoja. Mara nyingi mdogo wake huinuka na kuipunguza pasipo kuambiwa. Jumamosi iliyopita alichelewa kuinuka. Nzige walilia muda mrefu, binti akamtazama shangazi, na shangazi akajishika magoti yake asiinuke, mpaka hatimaye yule mtu akasogeza kiti, akanyoosha mkono, akauliza, "Kibonye kiko wapi?"

Akamwonyesha.