Siku Tangawizi Ilipokosa Ladha

Krismasi ya mwaka ule wa korona kaka yangu alikuja kutoka Dar na televisheni bapa aliyoizungushia blanketi. Aliiweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo tangu utoto wetu palikaa redio ya baba. Baba alikuwa mkulima wa tangawizi huku mlimani, mzee wa miaka sabini na kitu. Alisimama mlangoni, buti zimejaa matope, akaitazama kwa mashaka.

"Hii itamaliza umeme wa kijiji kizima," alisema.

Saa moja baadaye rimoti ilikuwa mkononi mwake na hakuna aliyeipata tena.

Mimi nilikuwa nimepanda kutoka Same mjini, ninakoshona nguo. Mapema mwaka ule nilishona barakoa za vitenge mpaka vidole vikaota sugu, lakini kufika Desemba hakuna aliyeziulizia. Watu walisema ugonjwa umeisha, na redio zilikuwa zimeacha kuutaja. Niliingia nyumbani nimevaa yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Vipi mwanangu, meno yameng'oka?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikaivua, nikaisokomeza kwenye mkoba. Niliivua kwa aibu tu, wala si kwa sababu niliamini ugonjwa umeisha.

Dishi alilokuja nalo kaka lilinasa stesheni moja ya nje yenye habari za Kiswahili kila alasiri. Siku ya kwanza tulioneshwa majeneza yamepangwa ndani ya ukumbi, safu kwa safu kama mabenchi ya kanisani. Mama alikuwa anachambua mchele, akasimama na ungo mikononi.

"Hiyo ni sinema?"

"Ni habari, mama," kaka akamjibu.

"Huko hawana tangawizi," baba alisema, na hakuwa anatania. Mwaka ule malori yalipanda hadi milangoni mwa watu kuifuata, maana huko chini kila nyumba ilikuwa inaichemsha na malimao. Baba aliiamini kwa moyo wake wote. Hata mimi niliiamini kidogo.

Siku ya Krismasi tulibanana kanisani, tukashikana mikono, na baba akaimba besi na wazee wenzake. Mchana majirani walikuja kula pilau na kutazama televisheni, sebule ikajaa mpaka madirishani. Kesho yake kaka akarudi kazini.

Siku ya nne baada ya Krismasi, asubuhi, tulikuwa jikoni sisi watatu. Mama alimpa baba chai. Baba akanywa funda moja.

"Leo umesahau tangawizi."

"Nimesahau wapi? Mimi mwenyewe inaniwasha koo."

Baba akainuka, akachukua tunguu la tangawizi kwenye gunia, akalifuta kwa shati na kuling'ata. Akatafuna. Akatema kiganjani, akakitazama alichotema, akachukua lingine. Sijawahi kuona uso kama ule. Mtu huyu alikuwa ameishi na ukali wa tangawizi ulimini tangu ujana wake.

"Imeharibika," alisema. "Yote imeharibika."

Akatoka kwenda shambani kuikagua, akidhani mmea umeingiwa na ugonjwa.

Nilibaki nimeshika kikombe. Alasiri ya jana yake, kwenye ile televisheni, daktari mmoja alieleza kwamba wagonjwa wengine hupoteza ladha na harufu. Baba alikuwa anasinzia, mama yuko nje. Niliyesikia ni mimi peke yangu. Aliporudi kutoka shambani, amenyong'onyea, nilimwambia, "Labda ni mafua tu, baba." Sikusema zaidi ya hapo.

Siku mbili baadaye hakuweza kupanda ngazi moja ya mlango bila kupumzika. Tulimfukiza kwa majani ya mkaratusi na mchaichai. Alitoka chini ya blanketi jasho linamtiririka, na pumzi ni ileile. Tukakodi gari. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na kila kona alimshika dereva bega: "Simamisha kidogo nipumue." Kana kwamba gari ndilo lililokuwa linamnyang'anya hewa.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Siku ya pili mchana alisema anatamani uji, nikaenda kuununua. Niliporudi na chupa ya uji, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Muuguzi akaniambia nikae. Sikukaa. Nilimuuliza amehamishiwa wodi gani. Akanirudia, "Kaa kwanza, dada." Nikauliza tena, wodi gani, na chupa ya uji bado ninayo kifuani.

Aliyesoma wasifu wake siku ya mazishi alisema marehemu alipata changamoto ya upumuaji. Maneno hayo tuliyasikia katika misiba mingine mitatu kijijini kabla mahindi hayajakomaa. Wakati wa matanga mtu fulani aliwasha televisheni, na zikaja namba za waliokufa, nchi kwa nchi. Niliitafuta yetu. Ilikuwa ileile ya miezi mingi nyuma. Baba yangu hakuwemo. Mama, aliyekuwa ameketi chini kwenye mkeka, aliinuka mbele ya watu wote, akachomoa waya ukutani, akarudi kuketi.

Siku ya arobaini kaka aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda.

"Kabla ya safari nilikaa wiki nzima sisikii harufu ya kitu," alisema. "Hata mafuta ya taa. Sikumwambia mtu. Ningesema, mngeniambia nisije."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulikwishainuka. Kisha nikajikuta ninamsimulia habari za daktari wa kwenye televisheni, na kikombe, na mafua niliyoyasingizia. Tukatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja ameshangaa kwamba mwenzake naye alijua.

Tulikubaliana kumwambia mama siku hiyohiyo. Alitusikiliza akiwa anapura maharage, na hakuacha kupura.

"Baba yenu angekwenda kanisani hata mngemwambia," alisema hatimaye. "Hamkumjua?"

Kisha akatutuma kuni, mimi na kaka yangu, kama tulivyotumwa tukiwa wadogo. Tulikwenda. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatusamehe, au alitaka tu tuondoke mbele yake.