Mahamri ya Daktari wa Paka

Jirani yangu hapa Kisauni ni mama mzee ninayemwita nyanya. Naye huniita mwanangu, ingawa mimi ni wa kuja, kutoka bara. Ndiyo maana naona aibu kuyaandika haya.

Jumamosi moja asubuhi alinijia na paka wake mikononi. Anaishi peke yake, na paka huyo ndiye aliyekuwa mwenzake wa kuongea naye. "Mwanangu, hali kitu tangu juzi. Nitafutie daktari kwa hiyo simu yako."

Nikampata daktari wa mifugo huko Likoni, nikamwonyesha paka kwa video, nikijiona mtu muhimu kweli. Akauliza maswali chungu nzima, kisha akasema sheria haimruhusu kuandika dawa kwa mnyama aliyemwona kwenye simu tu. "Mleteni leo leo. Na tafadhali, msimpe dawa za..."

Nikakata simu. Nilimwona anaringa. Tena nilijifikiria mimi, karani wa ofisi ya makontena Changamwe, nikivuka feri na kikapu kinacholia nyau mbele ya watu wanaonijua.

"Daktari yuwasemaje?" nyanya akauliza. Masikio yake ni mazito.

"Ni homa tu, nyanya. Ameagiza hii." Nikatoa kidonge changu cha kichwa mkobani, nikakiponda, tukamnywesha paka na maziwa.

Alasiri uso wa paka ulikuwa umevimba, naye anahema kwa shida. Nikafungua simu, nikakuta ujumbe ambao daktari alituma asubuhi ile ile: dawa za maumivu za watu huua paka. Bado tungeweza kukimbia Likoni. Lakini ingebidi nieleze nilichofanya. Nikaufuta ujumbe, nikamwambia nyanya tungoje dawa ifanye kazi.

Paka akafa kabla ya magharibi. Nyanya hakumlaumu mtu. Kesho yake alikuja na bakuli la mahamri, bado ya moto.

"Mpelekee daktari. Mwambie ahsante, alijitahidi."

Nililipokea kwa mikono miwili, nikafunga mlango, nikayala yote nimesimama jikoni.

Niliporudisha bakuli, akaniuliza kama daktari aliyapenda.

"Sana, nyanya."

Akafurahi, masikini. Akasema Ijumaa atampikia mengine.