Nguzo Ndefu ya Mtaa Usio na Maji

Jumanne, tarehe 4 Machi, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Manyunyu membamba yanaanguka tangu alfajiri, na mbele ya ofisi ya maji mwandishi wa mabango amesimama juu ya ngazi, brashi mkononi, akiugombeza ukuta.

Hatukani, ni mtu mwenye adabu zake. Anauambia tu, kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na darasa zima, kwamba umemtia aibu kwa wiki tatu na kwamba leo aibu hiyo inakwisha.

Ukutani zimechorwa nguzo nne za buluu zilizosimama juu ya mstari mweusi. Anazifunika moja baada ya nyingine kwa rangi nyekundu. Juu ya kichwa chake amefunga turubai, lakini upepo unalidharau turubai hilo na kurusha matone palepale rangi inapotaka kushika.

"Hata mbingu leo imeajiriwa na idara ya maji," ananung'unika. "Mtaa wa juu hawaoni tone, ukuta wangu unaoga."

Watu wa eneo hili wamemzoea kwa jina la Nguzo. Ana umri wa miaka hamsini na moja, baba wa watoto wanne, na mikono yake haijawahi kuisha rangi tangu alipoacha shule. Huandika mabango ya maduka, namba za milango na maneno ya pole kwenye mashada. Kazi yake pekee ya uhakika, hata hivyo, ni ukuta huu: siku tano za malipo kila mwezi, zinazotosha kodi ya vyumba viwili na si zaidi ya hapo.

Kazi yenyewe ni kugeuza tarakimu kuwa picha. Mfungua valvu, yaani yule anayezunguka mtaa hadi mtaa akifungua na kufunga maji, humletea vipande vya karatasi vilivyoloa. Nguzo huvipanga sakafuni kwake kwa mitaa, huhesabu kwa vijiti vinne na cha tano cha kuvikata, kisha hujumlisha. Mtaa wenye saa nyingi hutangulia, wenye chache hufuata. Saa moja ukutani ni sentimita moja, wala hakuna nguzo inayoanzia hewani. Zote hukanyaga mstari mmoja.

"Ukiikata nguzo miguu ili tofauti ionekane kubwa, umedanganya bila kufungua mdomo," anasema. "Mimi sijawahi kumkata mtu miguu."

Kwa miaka mitatu ukuta ulionyesha saa ambazo kila mtaa ulipata maji. Nguzo ndefu ilimaanisha neema, fupi ilimaanisha taabu, na hata asiyejua kusoma alielewa. Mwezi wa pili mwaka huu meneja wa maji akaamua mambo yageuzwe. Lilikuwa linakuja bomba moja jipya, moja tu, na kamati ya wakazi ingeamua liende mtaa gani. Kwa hiyo meneja alitaka ukuta uonyeshe mahitaji: si saa za maji, bali saa za ukame.

Nguzo akatii. Akafuta, akajumlisha upya, akachora. Juu akaandika kwa herufi za ukubwa wa kiganja: UHABA WA MAJI KWA WIKI. Mtaa wa juu ulikuwa na saa 130 za mabomba makavu, katika wiki yenye saa 168. Mtaa wa sokoni ulikuwa na saa 22. Mtaa wa reli na mtaa wa chini ilikuwa katikati. Kila tarakimu ilikuwa mahali pake.

Rangi ilikuwa buluu, kwa kuwa stoo ya idara haina rangi nyingine.

Kesho yake asubuhi, mtu wa kwanza kufika ukutani alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mfua nguo anayeishi mtaa wa juu. Alikuja na ndoo tupu. Akaitua chini ya ile nguzo ndefu kuliko zote, akafunga mikono kifuani, akasimama.

"Shemeji, unafanya nini?" Nguzo akauliza.

"Nakinga."

"Unakinga nini?"

"Si maji yetu haya umetuchorea? Mazito, ya buluu, yamefika juu ya mlango. Nimesema nije mapema kabla foleni haijawa ndefu."

"Shemeji, soma kichwa cha habari! Hizo ni saa ambazo hamna maji!"

"Kichwa cha habari hakifui nguo. Mimi nimeona buluu."

Watu walicheka, na Nguzo akaona amefanyiwa mzaha wa kifamilia. Lakini kufikia mchana walikuwa wamekuja wengine kumi na kitu kutoka mtaa wa juu, na hao hawakuwa na mzaha. Mzee mmoja, karani mstaafu, alimwuliza bila kupepesa macho idara imemhonga kiasi gani ili aandike uongo ule.

Nguzo alieleza. Alieleza Jumatano, akaeleza Alhamisi, akaeleza mpaka koo likamkauka. Waliokubali walikwenda zao wakitikisa vichwa, na nafasi yao ikachukuliwa na wengine wenye swali lilelile. Jioni alimwambia mkewe kwamba watu wa mji huu hawataki kusoma.

"Baba watoto," mkewe akamjibu huku akikunja nguo, "miaka mitatu umewafundisha kwamba nguzo ndefu ya buluu ni maji. Leo umewageuzia maana usiku mmoja, halafu unawakasirikia?"

"Nimeandika uhaba!"

"Uhaba ni neno la ofisini. Sisi tunasema hakuna maji."

Nguzo alikasirika zaidi. Hata hivyo hakubadilisha kitu. Chati ilikuwa sahihi, na yeye ni mtu anayeamini kwamba kilicho sahihi hakiombi radhi. Wiki mbili nzima alipita mbele ya ukuta wake akiangalia upande wa pili.

Kilichomshusha kiburi ni kamati yenyewe. Siku moja mwishoni mwa Februari wajumbe watatu walisimama barabarani, mikoba kwapani, wakifuatana na mwenyekiti wa mtaa wa sokoni. Nguzo alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akiandika namba kwenye lango la jirani, akasikia kila neno.

"Waheshimiwa, mimi sisemi kitu," alisema mwenyekiti yule, akiinyooshea kidole nguzo fupi ya mtaa wake. "Tazameni wenyewe. Wenzetu wa juu wanaogelea, sisi tumepewa kijikombe."

Mjumbe mmoja alitikisa kichwa kwa huruma. "Kweli. Bomba lije huku."

Walikuwa wamepewa taarifa yenye kurasa arobaini, na ndani yake tarakimu zilezile. Hakuna aliyekuwa ameifungua. Kikao cha uamuzi kilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Machi. Kwa mwendo ule, mtaa unaokaa karibu siku tano na nusu kwa wiki bila tone ungelikosa bomba kwa sababu ya chati iliyochorwa ili kuutetea.

"Niliweka brashi chini," anasema Nguzo. "Shemeji yangu anafua nguo za watu. Asipopata maji hapati kazi. Na mimi ndiye niliyemnyima, kwa mkono wangu, kwa kipimo kilichonyooka!"

Alikwenda stoo kuomba rangi nyekundu. Mtunza stoo alimsikiliza akiwa ameshika tama.

"Rangi ya idara ni buluu."

"Najua. Ndiyo shida yenyewe."

"Basi andika barua kwa meneja."

Meneja alikuwa safarini, na angerudi siku ileile ya kikao. Naibu wake hakuwa na mamlaka juu ya rangi. Alikuwa na mamlaka juu ya mita tu. Kwa dakika kadhaa watu wazima wawili, naibu na mtunza stoo, walijadili iwapo nguzo ya chati ni mali ya kudumu au ni matumizi ya kawaida, na Nguzo akaondoka kabla hajasema jambo ambalo angelijutia.

Aliyemwokoa alikuwa mpiga rangi za magari, mwenye gereji mtaa wa sokoni. Walipatana papo hapo: kopo la rangi nyekundu kwa bango jipya la gereji. Nguzo aliandika bango jioni ileile, akapewa kopo, wakapeana mkono, wakamalizana.

Hivyo ndivyo anavyojikuta juu ya ngazi Jumanne hii ya manyunyu. Saa mbili asubuhi nguzo zote nne ni nyekundu. Kichwa cha habari nacho kimefutwa, na mahali pake sasa pameandikwa: SAA MNAZOKAA BILA MAJI. Chini ya kila nguzo ameongeza tarakimu, kubwa kama namba za jezi.

Hajashuka ngazi, na mwenyekiti wa mtaa wa sokoni amekwisha kufika, mwavuli mkononi, uso umemvimba.

"Umebadilisha! Juzi sisi tulikuwa na shida, leo shida imehamia kwa shemeji zako? Umejichorea bomba, wewe!"

Watu wanaanza kukusanyika. Nguzo anashuka taratibu, anatoa futi ya kukunja mfukoni na kumkabidhi.

"Pima, mwenyekiti."

"Nipime nini?"

"Nguzo. Rangi ya zamani bado inachungulia pembeni. Ukikuta nimeongeza au nimepunguza hata unene wa ukucha, nitaifuta yote mbele yako."

Mwenyekiti anapanda ngazi, mwavuli umeshikwa na mtu mwingine. Anapima mtaa wake: sentimita 22. Anapima mtaa wa juu: sentimita 130. Anapima tena, kwa kuwa watu wanamtazama na hana jingine la kufanya huko juu.

"Sasa soma kichwa cha habari," anasema Nguzo. "Kwa sauti, tafadhali. Nimengoja wiki tatu mtu akisome."

Mwenyekiti anakisoma. Kisha anashuka, anarudisha futi, na kusema kwamba hata saa 22 ni nyingi kwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Hilo Nguzo halipingi. "Ni kweli," anamjibu. "Ndiyo maana na ninyi mna nguzo."

Ijumaa kamati ilikaa. Wajumbe walipita kwanza ukutani, safari hii bila msindikizaji, na kabla ya saa sita uamuzi ulikuwa umetoka: bomba linakwenda mtaa wa juu. Mafundi wanaanza kuchimba mwezi wa nne.

Tangu siku hiyo Nguzo amejiwekea utaratibu mpya, ingawa anausimulia kama mtu anayemeza dawa chungu. Kila mwezi atachora kwanza kwenye kadibodi, atasimama nayo njiani na kuwauliza wapita njia watatu wanaona nini. Akikosea mmoja, atachora upya, hata kama yeye ndiye mwenye haki. "Chati ikihitaji mimi nisimame pembeni kuieleza, basi mimi ndiye chati," anasema, "na mimi nina kazi nyingine." Anatumaini kwamba mwakani nguzo ya mtaa wa juu itakuwa fupi mpaka akose mahali pa kuandika tarakimu.

Alikuwa akisema hayo mtunza stoo alipotoka ofisini, kalamu sikioni.

"Nguzo, nina neno lako. Kopo moja la rangi ya buluu, mali ya idara, limefunikwa bila kibali. Utalirudisha, au litakatwa kwenye malipo yako ya mwezi huu."

Nguzo alisubiri mwenzake acheke kwanza. Mwenzake hakucheka.

"Nilipoitumia rangi hiyo watu wasielewe, hamkunidai. Nimeifunika wameelewa, ndipo nadaiwa?"

"Mimi sijui kuelewa. Mimi najua makopo."

"Basi sikiliza la makopo. Lile mlinipa nilipake ukutani, na ukutani lipo, chini ya nyekundu. Deni hilo si langu, na silipi."

"Watakukata."

"Wakate. Kibali changu hawana. Silipi."