Mbao za Nyumba ya Baba Mkwe

Jamani, hii aibu nimeificha tangu mwaka juzi, lakini mke wangu kashaanza kuisimulia sokoni, bora niiseme mwenyewe.

Mimi natengeneza magitaa hapa Tunduma kwa mbao kuukuu, milango iliyong'olewa, mabodi ya malori (mbao ikishakaa miaka inakauka hadi ndani, ukiigonga inalia), basi siku moja nipo ukweni Ibaba, nikainua macho jikoni nikaona darini mbao sita za mninga, nyeusi kwa moshi, mate yakanijaa. Nikamuuliza mama mkwe, naye alikuwa nyuma ya mlango maana kwa desturi ya kwao hatutazamani usoni, akasema, "Hizo ni za nyumba ya baba yako." Nikaitazama nyumba: ina bati, ina madirisha, imeisha kujengwa kitambo. Nikajiambia hizi zilibaki tu, na kumrudia mama mkwe kwa maswali si adabu (uongo, niliogopa atanikatalia), alipokwenda kuchota maji nikafunga mbili kwenye pikipiki nikaondoka.

Gitaa likatoka tamu ajabu. Baadaye mzee, baba mkwe wangu, akaugua sana, tukaitwa, nami nikalibeba niongoze nyimbo za kumfariji, nikajisifu mbele ya ukoo mzima kwamba ni mninga ulioiva kwa moshi. Katikati ya wimbo shemeji mkubwa akatoka jikoni, uso umembadilika, akasema mbao za jeneza la baba zimepungua mbili.

Hapo ndipo nikaelewa ni nyumba ipi. Sikuogopa kupigwa, niliogopa mzee akate roho dakika ile nami nimepakata jeneza lake. Nikajaribu kulisukuma gitaa chini ya kitanda, likajigonga, nyuzi zote zikalia, watu wakageuka. Mzee akanyoosha mkono, akalipapasa, akaligonga kwa kidole.

"Nyumba yangu inaimba vizuri, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa mimi nitalala wapi?"

Nikapiga magoti, nikaomba radhi nikilia kweli.

Mzee alipona, na mbao ya ukweni sitaigusa tena hata ikiwa kuni. Nimeshampelekea mninga mwingine, umepangwa palepale darini, ila simu ya Ibaba ikiita naomba kwanza isiwe msiba, maana zile mbao bado mbichi, hazijafaa jeneza.