Vidole vya Saa Mbili Asubuhi

Jina lake kamili, kwa jinsi alivyolitamka mwenyewe kila alipoulizwa, ni Mama Pumzi, mjukuu wa mkunga aliyezalisha mtaa mzima asidai hata kipande cha sabuni, binti wa mpishi wa hospitali aliyejua nani ana meno ya kutafuna na nani wa kupondewa, na yeye mwenyewe mhudumu wa wodi ya mahututi, mwaka wa thelathini na moja huu, hajawahi kuandikiwa barua ya onyo. Ukimwita "yule mama wa usafi" hasikii. Atakupita na ndoo yake kama hujasema kitu.

Basi mtu wa namna hiyo, asubuhi moja akaitwa chumba cha mikutano. Aliwakuta wawili. Mmoja ni Profesa, anayewafundisha madaktari vijana kufanya utafiti wa mapafu. Wa pili ni mmoja wa vijana hao, binti ambaye wodini walimpachika jina la Kalamu, kwa kuwa hata akipiga chafya anaandika. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kaa, mama," Profesa akasema.

"Nimezoea kusimama."

Kalamu akamgeuzia kompyuta. Palikuwa na mstari unaopanda, unashuka, unapanda tena. Alikuwa akichunguza kama mgonjwa wa mapafu akilazwa kifudifudi, damu yake inapata oksijeni zaidi. Kila saa mbili asubuhi alibana kile kipimo kidogo kwenye kidole cha mgonjwa, akaandika namba. Siku tatu namba zinapendeza, siku tatu zinaanguka, na wagonjwa ni walewale. Ijumaa angesimama mbele ya wakubwa waamue kama anaendelea na mafunzo au anafungasha. Mmoja wao alishaanza kunong'ona kwamba namba zimepikwa.

"Nimetafuta kila kitu," Kalamu akasema. "Dawa, mitungi, wauguzi, hata mvua. Mwisho nikaweka ratiba ya zamu juu ya huo mstari. Mama, namba zinapanda ukiwepo wewe."

Mama Pumzi akautazama mstari, kisha akaitazama mikono yake. "Mimi na mstari tumeingilianaje? Mimi nafuta sakafu."

"Labda wagonjwa wanakuogopa," Profesa akatania. "Wakikuona wanavuta hewa kwa nguvu."

"Waniogope mimi, kilo hamsini na viatu vyangu?"

Lakini hakucheka. Ajitetee, kwa kosa gani? Anyamaze, binti wa watu anafukuzwa. Akazipitisha asubuhi zake moja moja: kufungua madirisha, kubadilisha mashuka, kupiga deki, kushika vidole.

"Mnabana kipimo saa mbili?" akauliza.

"Saa mbili kamili."

"Basi mimi saa mbili kasorobo nawapasha vidole."

Akaeleza. Zamani daktari mmoja, marehemu sasa, alimwonyesha kwamba kidole cha baridi hukidanganya kipimo: damu haifiki vizuri nchani, kipimo kinasema mtu anakufa kumbe hewa anayo. Tangu hapo kila aliyemkuta na kidole cha baridi alikifumbata viganjani mpaka kipate joto. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemkataza.

"Mbona hukuniambia?" Kalamu akauliza.

"Nilidhani unajua. Wewe si ndiye uliyesoma?"

Profesa akavua miwani. "Kosa ni letu. Kwenye maelekezo hatukuandika lolote kuhusu kidole baridi. Ila, mama, kwa kweli umetuharibia."

"Namba za siku zangu ni za uongo?"

"Hapana. Ndizo za kweli."

"Sasa nimeharibu nini?"

"Umesahihisha nusu tu, zile za siku za zamu yako. Za kweli na za uongo zimechanganyika. Kama zote zingekuwa na kosa moja, tungejua pa kushika."

Hapo akapotea kabisa. Alirudi wodini, akapiga deki ukumbi uleule mara mbili bila kujijua. Iweje ukweli uharibu kazi, na uongo mtupu ungekuwa nafuu? Alijiona kama aliyeshukuriwa na kugombezwa kwa mdomo mmoja, asijue aitikie lipi. Siku mbili zilizofuata aliwashika wagonjwa vidole akisita, kama anayeiba.

Ijumaa Kalamu aliwaambia wakubwa yote: alipima vibaya, na amejua kwa nini. Wakamhoji hadi sauti ikamkauka. Wakamwachia nafasi yake, kwa sharti moja: aanze upya, kutoka mgonjwa wa kwanza.

Jumatatu saa moja na nusu akamkuta Mama Pumzi akikamua tambara.

"Mama, nimekuja unifundishe."

"Lete mikono." Akaishika, akaiachia papo hapo. "Mwanangu, hii ni mikono au barafu? Utawamalizia wagonjwa. Nenda bombani, maji ya moto, osha mpaka ipate uhai, ukaushe, kisha uanze kitanda cha kwanza. Saa mbili kasorobo ni yako kuanzia leo, niwepo nisiwepo. Wote uwashike, hata unayeona ana joto, usichague kama nilivyokuwa nachagua mimi. Na uandike kwamba umeshika."

"Sawa, Mama."

"Na lile la nusu bado halijaniingia. Utanieleza huku unashika. Haya, nenda."