Baba yake bibi kwenye daftari la maziko

Leo nimepeleka habari njema nyumbani, na bibi amegoma kula.

Sisi huku Usangi tumekua tukijua kwamba baba yake bibi alipelekwa hospitali ya vichaa enzi za Mwingereza, akafia huko. Kila ibada ya nyumbani bibi humwombea. Mimi nikajitwisha kazi ya kutafuta kaburi lake, angalau tulete udongo tuuzike hapa.

Basi leo mtunza kumbukumbu wa hospitali hiyo kanitumia picha za daftari la maziko.

Jina lipo.

Lipo kila ukurasa.

Nikajiuliza, huyu mzee alizikwa mara ngapi?

Kuangalia vizuri juu ya safu yenye jina lake, imeandikwa: "Mtumishi aliyechimba kaburi."

Kumbe hakuwa mgonjwa. Alikuwa na ajira, jamani.

Nikamsomea bibi huku nachekelea, ukoo wetu umesafishwa.

Bibi akaniuliza:

"Kwa hiyo alikuwa na akili zake timamu?"

"Kabisa, bibi."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

Mwenye jibu la alichosema baada ya hapo aniandikie hapa chini, maana mimi nimekimbilia kukata majani ya ng'ombe:

"Basi acha kulitafuta hilo kaburi. Kama alikuwa mzima, njia ya Usangi aliijua."